Milio ya Kompyuta Inapowashwa: Historia ya Ishara na Ufasiri Wake

1. Utangulizi

Fundi wa kompyuta mjini Bukavu akiletewa mashine ambayo skrini yake imebaki nyeusi, hutega sikio kabla ya kushika bisibisi. Mlio mmoja mfupi, milio mitatu, au mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi: kila mpangilio una habari yake. Katika mji ambao umeme hukatika mara kwa mara, na ambao kipuri aghalabu huagizwa kutoka mbali, kufasiri mlio vibaya ni hasara. Mwenye mashine anaweza kununua kumbukumbu mpya ilhali kilichoharibika ni kadi ya picha. Makala haya yanaeleza historia ya ishara hizo, na yanakusudia kuonyesha kwamba mlio hauna maana kwa nafsi yake. Maana hutoka kwa kampuni iliyoiandika programu inayoulia.

2. Sababu ya kutumia sauti

Kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta yake binafsi tarehe 12 Agosti 1981. Ndani yake mlikuwa na programu iitwayo BIOS, iliyohifadhiwa katika chipu ambayo yaliyomo hayafutiki umeme unapozimwa. Jina hilo lilikuwa limekwisha kutumiwa na Gary Kildall katika mfumo wa CP/M miaka ya 1970. Kazi ya kwanza ya BIOS mashine inapowashwa ni kuvikagua viungo kwa utaratibu: prosesa, chipu ya BIOS yenyewe, saa ya kuhesabia, sehemu ya kwanza ya kumbukumbu, kisha kadi ya picha.

Utaratibu huu ndio unaoeleza sababu ya mlio. Ili neno lionekane kwenye skrini, viungo vingi lazima viwe vizima. Ili spika ndogo ilie, vinatosha vichache. Hitilafu ikitokea kabla ya picha kupatikana, mashine haina njia ya kuandika ila ina njia ya kulia. Kwa hiyo mlio ni ujumbe wa hatua ya mwanzo kabisa, na ukimya kamili nao ni ujumbe: huenda umeme haufiki, prosesa haifanyi kazi, au spika haipo.

3. Ishara moja, maana nyingi

Maandishi ya BIOS ya IBM yalichapishwa katika kitabu cha mafundi, lakini yalilindwa na haki miliki. Makampuni yaliyotaka kuunda mashine zinazolingana na ile ya IBM yalilazimika kuandika BIOS yao upya bila kunakili. Compaq ilifanya hivyo kwa mashine yake iliyotangazwa mwaka 1982. Tangu mwaka 1984 Phoenix iliwauzia waundaji wengine BIOS ya namna hiyo. Award na AMI nazo zikaingia katika soko hilo. Kila mwandishi alipanga milio kwa hiari yake.

Matokeo yake ni kama lahaja zinazoshiriki sauti lakini hazishiriki maana. Katika mashine za awali za IBM, mlio mmoja mfupi ni salamu: kila kitu kizima. Katika jedwali la AMI, mlio mmoja wa hitilafu unahusu kuburudishwa kwa kumbukumbu. Milio miwili kwa IBM humwelekeza fundi asome namba ya kosa kwenye skrini. Kwa AMI ni kosa la kumbukumbu. Hitilafu ya picha kwa IBM na Award ni mlio mmoja mrefu na miwili mifupi. Kwa AMI, milio minane hutaja kumbukumbu ya picha. Phoenix iliongeza jambo jingine, yaani kimya. Milio yake hupigwa kwa mafungu, mathalani moja, mbili, mbili, tatu, na asiyezingatia vituo kati ya mafungu hupata jumla ya minane tu, hesabu isiyomfikisha popote.

4. Mfano wa ngoma za Walokele

Nchini Kongo kwenyewe upo mfano wa kale wa ujumbe wa sauti unaosaidia kuielewa tofauti hii. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyeishi Yakusu karibu na Kisangani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949 jinsi Walokele walivyozungumza kwa ngoma ya gogo yenye sauti mbili, ya juu na ya chini. Ngoma hiyo huiga toni za maneno. Kwa kuwa maneno mengi yana toni sawa, kama vile mwezi na kuku, mpigaji hurefusha: mwezi huwa mwezi unaoitazama dunia, na kuku huwa yule mdogo aliaye. Urefu huo si pambo. Ndio unaoondoa utata.

Kompyuta haina hiari hiyo. Tena ngoma hutegemea lugha ambayo msikilizaji anaijua tayari, ilhali mlio wa kompyuta haufuati lugha yoyote. Hutegemea jedwali peke yake. Jedwali hilo huandikwa zaidi kwa Kiingereza, katika kijitabu ambacho mashine iliyokwisha kutumiwa Ulaya au Asia mara nyingi hufika bila hicho.

5. Hitimisho

Kutokana na maelezo haya, ufasiri wa milio unafanana na kazi ya mwanafilolojia: kwanza kumtambua mwandishi, kwa kusoma jina la BIOS kwenye chipu au kwenye karatasi iliyobandikwa juu yake, pili kuhesabu milio pamoja na urefu wake na vituo vyake, na mwisho kufungua jedwali. Anayeanza na jedwali lolote lililo karibu huanzia mwisho.

Ujuzi huu umeanza kufifia. Tangu kuundwa kwa jumuiya ya UEFI mwaka 2005, mfumo mpya umechukua nafasi ya BIOS ya zamani hatua kwa hatua. Bamba kuu nyingi za sasa huonyesha hitilafu kwa taa au namba, na nyingine hazina spika kabisa. Hata hivyo mashine za zamani hazijatoweka, na mafundi wanaozisikiliza huzieleza kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa, wakisema bareti ya kumbukumbu na kadi mama. Mijadala ya istilahi imeshughulika mno na jina la mashine nzima, iwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Jedwali la milio kwa Kiswahili, lililopangwa kwa jina la kila mwandishi wa BIOS na kwa maneno ya mafundi wenyewe, ni kazi inayozifaa idara za lugha, nayo ingemwepusha mtu na gharama ya kipuri asichokihitaji.