Maneno Matatu ya Mesopotamia

Mtu akitaka kuisoma Mesopotamia ya kale, na aanze na maneno. Jina lenyewe ni la Kigiriki, maana yake nchi iliyo kati ya mito. Mito hiyo wengi wetu tumeisikia kanisani kabla ya kuisikia darasani: ndiyo Hidekeli na Frati ya Kitabu cha Mwanzo. Sehemu kubwa ya nchi hiyo leo ni Iraki.

Neno la kwanza ni ziada. Wasumeri walichimba mifereji, wakamwagilia shayiri, wakavuna kupita mahitaji ya nyumba. Palipo na ziada pana ghala, na penye ghala lazima awepo wa kuhesabu. Mkulima wa Mbozi anayepanga magunia yake ya mahindi hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Neno la pili ni mhuri. Mtungi ulizibwa kwa udongo mbichi, kisha kijiwe chenye nakshi kikaviringishwa juu yake, ili ajulikane mwenye dhamana. Katika hesabu za namna hiyo, yapata mwaka 3200 K.K. mjini Uruk, ulizaliwa mwandiko. Vibao vingi vya mwanzo havisimulii wafalme. Vinahesabu shayiri, kondoo na pombe. Dereva anayengoja karatasi zake zigongwe mhuri Tunduma yumo katika desturi hiyo hiyo.

Neno la tatu ndilo gumu: ustaarabu. Kwa asili yake, kustaarabika ni kufuata mwenendo wa Waarabu. Neno tunalopimia watu lilianza kwa kumtazama mwingine. Juu yake tukaongeza masharti: miji, na hasa maandishi.

Sasa tutazame Ivuna, wilayani Momba, karibu na Ziwa Rukwa. Utafiti wa Brian Fagan na John Yellen, uliochapishwa mwaka 1968, ulionyesha kwamba watu walitengeneza chumvi pale tangu yapata karne ya 13. Walichuja udongo wa chumvi, wakachemsha maji yake vyunguni. Hawakuwa na vibao vya maandishi. Lakini nani achemshe chumvi nyingi kiasi hicho kwa mboga za nyumba yake tu? Ziada ilikuwapo, na ufundi ulikuwapo.

Basi maneno ya Mesopotamia tuyatumie, maana yanatusaidia kuuliza. Ila lile la tatu lisitufunge macho. Mtoto wa Songwe asihitimu akiijua Uruk asiijue Ivuna. Wazee wale waliacha vigae, navyo husomeka, akipatikana wa kuvisoma.