Ushuhuda Ulipogeuka Sheria: Uamsho, Tofauti na Ushirika katika Tarime na Serengeti

Utangulizi

Katika jumuiya yo yote ya Kikristo ni vigumu kupata jambo linaloheshimiwa kama ushuhuda wa mtu aliyesimama mbele ya ndugu zake na kueleza yale Mungu aliyomtendea. Lakini historia ya Kanisa katika Afrika Mashariki inatufundisha pia kwamba ushuhuda huo huo, ukisha kupata umbo moja linalokubalika, huweza kugeuka kuwa kipimo cha kuwapimia wengine. Ndipo wale ambao Mungu aliwajia kwa njia nyingine hujikuta wageni katika nyumba yao wenyewe. Makala haya yanakusudia kulitazama jambo hilo kihistoria, tukianza na Uamsho na mifarakano iliyoufuata, na kuishia katika vijiji vya Tarime na Serengeti ambako baadhi ya wasomaji wetu wanahudumu, na wengine wataitwa kuhudumu.

Yatupasa kuanza kwa kuungama. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa tukihudumu katika usharika mmoja wa wilaya ya Serengeti, mama mmoja mzee, mzaliwa wa Bukoba aliyeolewa huku, alisimama katika ibada ya jioni. Alisema kwamba yeye haijui siku aliyookoka. Kwamba tangu alipobebwa mgongoni kwenda kubatizwa, hakumbuki wakati ambapo Yesu hakuwa Bwana wake. Ndugu wakanyamaza. Wimbo uliozoeleka kuimbwa baada ya kila ushuhuda haukuimbwa. Nasi tuliokuwa tukiongoza tukamsihi aketi, azidi kumtafuta Bwana. Mama yule hakusimama tena kushuhudia hata siku alipofariki. Yote tuliyofundishwa chuoni juu ya ubatizo wa watoto wachanga tuliyasahau, kwa kuuogopa ukimya wa ndugu.

Moto uliofika Shirati

Chanzo cha Uamsho kinajulikana. Mwaka 1929 mjini Kampala, Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Buganda, alikutana na Dakta Joe Church, Mwingereza aliyekuwa mganga katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda. Watu hao wawili walisoma Maandiko na kuomba pamoja, na katika miaka ya 1930 moto ukaenea kutoka Gahini hata Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Walioguswa waliitwa balokole, yaani waliookoka. Waliungama dhambi zao hadharani, walirudisha walivyoiba, na waliitana ndugu pasipo kujali kabila wala rangi.

Katika nchi ya Mara, Uamsho uliwakuta Wamennonite. Wamisionari wao wa kwanza walitoka Lancaster, Pennsylvania, nchini Marekani, wakaanza kazi Shirati mwaka 1934. Shirati baadaye ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tarime, hata mwaka 2007 ilipoundwa wilaya ya Rorya. Mwaka 1942 Uamsho ulitokea hapo kwa nguvu. Mzungu aliungama kiburi chake mbele ya Mwafrika, na Mwafrika aliungama uchungu wake mbele ya Mzungu. Kwa mtu aliyezaliwa katika zama za ukoloni, jambo hilo halikuwa dogo. Kati ya watu wa Uamsho huo alikuwamo Zedekiah Kisare, Mjaluo wa nchi hiyo hiyo, ambaye mwaka 1967 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania. Kazi ilifika pia Nyabasi, katika nyanda za juu za Wakuria. Na watu ambao babu zao waliibiana ng'ombe wakala chakula kimoja.

Twayasema haya mapema ili asiwepo wa kudhani kwamba tunaudharau Uamsho. Katika Kanisa letu la Kilutheri, Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alikuwa mtoto wa Uamsho, naye aliliongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani tangu mwaka 1977 hadi 1984. Asemaye kwamba Uamsho haukuzaa matunda haijui historia yetu. Swali letu ni jingine: kwa nini ushirika ulioweza kuuvunja ukuta kati ya Mzungu na Mwafrika ulishindwa mara nyingi kumvumilia ndugu aliyekuwa na ushuhuda tofauti?

Umbo la ushuhuda

Jibu, kwa maoni yetu, limo katika namna ushuhuda ulivyopata umbo. Msemaji alianza na maisha yake ya giza, akazitaja dhambi kwa majina, akafika siku alipovunjika chini ya msalaba, akamaliza kwa furaha aliyo nayo sasa. Ndugu walipoitambua njia ile kuwa ndiyo waliyoipita wao, waliitikia kwa Tukutendereza. Umbo hilo liliwasaidia wengi kusema mambo ambayo wasingeyasema kamwe. Wanawake ambao katika baraza la ukoo hawakuruhusiwa kufungua kinywa walipata sauti.

Lakini umbo lililomsaidia mmoja kusema lilimziba mwingine kinywa. Aliyelelewa katika imani tangu utoto hakuwa na giza la kusimulia. Aliyeokoka na bado akasumbuliwa na huzuni hakuwa na furaha ya kuonyesha. Aliyeuliza swali aliambiwa kwamba swali lake ni dalili ya dhambi iliyofichwa. Hapo ndipo ilipo hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu mahali ambapo kutokubaliana kwenyewe kunahesabiwa kuwa dhambi, haiwezekani tena ndugu kusahihishwa na ndugu. Mwenye hoja hubaki na mambo mawili tu, kuungama kosa asiloliona au kuondoka.

Mifarakano mitatu

Historia inatupa mifano. Wa kwanza ni wa chuo kama hiki chetu. Mwaka 1941 katika Chuo cha Theolojia cha Askofu Tucker, Mukono, nchini Uganda, wanafunzi 26 waliokuwa watu wa Uamsho, akiwamo William Nagenda, walifukuzwa. Walikuwa wakiamka kabla ya mapambazuko kuomba na kuhubiri, wakiwakemea hadharani walimu ambao mafundisho yao waliyaona yamepoa. Uongozi wa chuo uliwakataza, nao wakakataa kutii. Wanafunzi hawakuweza kuamini kwamba mwalimu asiyezungumza lugha yao anaweza kuwa mtu wa Mungu, na uongozi nao haukuweza kuamini kwamba Mungu anaweza kusema kupitia kwa wanafunzi wanaovunja ratiba. Nagenda alikuja kuwa mhubiri mashuhuri wa Uamsho, lakini hakupata kuwekewa mikono kuwa kasisi. Kutovumilia si ugonjwa wa walio chini tu. Wenye mamlaka nao huugua, na dawa yao huwa chungu zaidi.

Mfano wa pili uko jirani kabisa na Tarime, ng'ambo ya mpaka, katika Nyanza ya Kenya. Huko watu wa Uamsho katika Kanisa la Anglikana waligawanyika. Wengine waliitwa Joremo, watu wa damu, kwa sababu ya mkazo wao juu ya damu ya Yesu. Wengine wakaitwa Johera, watu wa upendo. Johera walilalamika kwamba wenzao wanahukumu pasipo upendo. Mwaka 1957, chini ya Matthew Ajuoga, walitoka, na mwaka 1958 Kanisa lao, Kanisa la Kristo katika Afrika, likaandikishwa. Tuliangalie jambo hili kwa huzuni: damu na upendo, mambo ambayo msalabani hayatengani, yaligeuka kuwa majina ya vyama viwili.

Mfano wa tatu ni wa mwaka 1971 nchini Uganda, walipotokea waliojiita walioamka upya, wakiongozwa na Yona Mondo. Hao waliona kwamba waliookoka wa kwanza wamesinzia, wakaweka masharti makali juu ya mikopo na mavazi. Hivyo walokole wa zamani, waliokuwa wamezoea kuwauliza wengine kama wameokoka, sasa waliulizwa wao kama wameamka. Kipimo kikisha kutengenezwa hakimtii aliyekitengeneza.

Urithi wetu wenyewe

Mlutheri asiyasome haya akijipiga kifua. Ni kweli kwamba mwezi Machi mwaka 1522, mageuzi yalipokuwa yakilazimishwa Wittenberg, Luther alirudi akahubiri siku nane mfululizo, akiwasihi wenye nguvu wawangoje wadhaifu, kwa kuwa imani haiwezi kulazimishwa. Lakini ni Luther huyo huyo aliyekutana na Zwingli huko Marburg mwaka 1529. Walipatana katika hoja 14 kati ya 15, na kwa ajili ya ile moja iliyohusu Meza ya Bwana, Luther akakataa kumtambua mwenzake kuwa ndugu. Na Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo katika ibara ya 7 linafundisha kwamba kwa umoja wa Kanisa si lazima desturi za wanadamu ziwe sawa kila mahali, ndilo pia linalowalaani Waanabaptisti katika ibara kadhaa. Hao ndio mababa wa imani wa Wamennonite wa Shirati. Wengi wao waliteswa na kuuawa, na maneno ya wanatheolojia wetu yalitumika kuhalalisha mateso hayo.

Ilichukua karibu miaka 500 kabla ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, katika mkutano wake mkuu wa Stuttgart mwezi Julai 2010, kuomba msamaha wa Mungu na wa Wamennonite. Walutheri hawakulikana fundisho lao juu ya ubatizo, wala Wamennonite hawakuliacha lao. Walichokiacha ni ile haki ya kumhesabu mwenye ushuhuda mwingine kuwa adui.

Tarime na Serengeti leo

Mchungaji anayehudumu kati ya Wakuria anaijua jamii iliyojengwa juu ya tukio moja la mwilini. Katika msimu wa tohara, ambao uamuzi wake umo mikononi mwa wazee wa inchama, kijana hupata jina, rika na nafasi katika ukoo. Asiyepitia hapo huhesabiwa mtoto hata akiwa mtu mzima. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imekataza ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18, na nyumba za hifadhi za Masanga na Mugumu zimewapokea wasichana wengi waliokimbia kisu. Kanisa limesimama upande wao, na lazima liendelee kusimama. Juu ya hilo hatuna mjadala.

Lakini tujihadhari tusiwajengee wasichana hao ukoo mwingine wenye tohara ya maneno. Tumehudhuria mikutano ambayo msichana aliyekimbia husimama na kusimulia, nao watu hushangilia. Na inastahili washangilie. Lakini yuko mwingine ameketi nyuma, aliyekeketwa kabla hajajua kukataa, naye angali anampenda mama yake. Yuko aliyekimbia, kisha akarudi nyumbani kwa sababu alilikosa jiko la kwao. Yuko anayeona kwamba baba yake angeweza kushawishika kama angezungumzwa naye polepole. Hao wasipoyasema yao kwa kuwa hayafanani na yale yanayoshangiliwa, tumerudia kosa la Joremo. Kuukataa uovu ni jambo moja, na kumtaka kila aliyejeruhiwa nao aeleze jeraha lake kwa namna moja ni jambo jingine.

Hitimisho

Baraza la Yerusalemu, katika Matendo sura ya 15, lilikabiliwa na swali lile lile: je, watu wa Mataifa ni lazima wapite njia tuliyopita sisi? Na swali hilo nalo lilihusu tohara. Mitume walikisikiliza kila kisa hadi mwisho, Petro kwanza, kisha Barnaba na Paulo, na mkutano wote ukanyamaza ili usikie. Ukimya huo haukuwa kama ule tuliompa mama yule wa Bukoba. Ukimya wetu ulimfunga kinywa. Wa Yerusalemu ulimpa msemaji nafasi.

Wanafunzi wetu watakapotumwa Tarime na Serengeti, watasikia shuhuda nyingi zinazofanana, nao watamshukuru Mungu kwa ajili yake. Siku itakayosikika moja isiyofanana, tunawaomba wasimwambie msemaji aketi. Na ndugu wakisita kuimba, mchungaji na auanzishe wimbo yeye mwenyewe.