Boma, Ghuba na Mpaka: Historia Iliyosahauliwa katika Vivutio vya Utalii vya Mikindani na Ghuba ya Mnazi

Mgeni anayefika Mtwara kutalii huoneshwa njia mbili. Moja humpeleka Mikindani, mji mkongwe wa mawe ulio umbali wa takribani kilomita 10, akaangalie milango ya nakshi na Boma la Wajerumani. Nyingine humpeleka Msimbati na Ghuba ya Mnazi, kwenye matumbawe, mikoko na kasa. Ya kwanza huitwa historia, ya pili huitwa maumbile. Kwa wakazi wa Likombe na kata nyingine za Manispaa ya Mtwara Mikindani, hata hivyo, pwani hii ni moja, na mgawanyo huo umeficha mengi kuliko ulivyofafanua.

Boma lilijengwa mwaka 1895, na kwa kawaida maelezo yake huanzia hapo. Kuanzia hapo ni kuacha kiini cha jambo. Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba ulioipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki mamlaka ya kukusanya ushuru wa forodha katika bandari za mrima. Kampuni ilipojaribu kuzishika bandari hizo, watu wa pwani waliinuka kutoka Pangani hadi Mikindani. Kilwa maofisa wawili wa Kampuni waliuawa. Lindi na Mikindani walikimbia mwezi Septemba. Vita hivyo hukumbukwa zaidi kwa majina ya Abushiri bin Salim al-Harthi na Bwana Heri, viongozi wa pwani ya kaskazini, na pengine ndiyo sababu kusini kumesahauliwa kwa wepesi. Ilikuwa Mei 1890 ndipo majeshi ya Hermann von Wissmann yalipoitwaa tena pwani ya kusini. Kwa hiyo jengo linalotazama ghuba kutoka mlimani si pambo la mji. Ni ngome ya mtawala aliyewahi kufukuzwa mahali hapo na aliyekusudia asifukuzwe tena. Lilipochakaa lilikarabatiwa na shirika la hisani la Uingereza, likawa hoteli. Ukarabati huo ni wa kupongezwa. Kilichopungua ni simulizi.

Upungufu kama huo unaonekana katika kumbukumbu ya David Livingstone. Alishuka katika Ghuba ya Mikindani tarehe 24 Machi 1866, baada ya kushindwa kupata mahali pa kuteremshia wanyama wake kwenye mlango wa Mto Ruvuma uliozibwa na mikoko. Hapo ndipo ilipoanzia safari yake ya mwisho. Mjini iko nyumba inayohusishwa na jina lake. Chuma na Susi, waliokuwamo katika msafara huo na ambao baada ya kifo chake mwaka 1873 waliuongoza msafara uliobeba maiti yake hadi Bagamoyo, hawana nyumba yenye majina yao.

Kupoa kwa Mikindani kuna maelezo mafupi. Mpango wa karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947, ukahitaji bandari ya kina kirefu, na bandari hiyo ikajengwa Mtwara. Mpango wenyewe uliachwa mwaka 1951. Reli ya kwenda Nachingwea ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ilibaki, na biashara haikurudi Mikindani. Nyumba za mawe zilisalimika kwa sababu hakuna aliyekuwa na fedha za kuzibomoa na kujenga upya.

Nayo mikoko iliyomzuia Livingstone ina historia yake ya kisiasa. Mwaka 1894 Wajerumani waliwanyang'anya Wareno eneo la Kionga, kusini ya mlango wa mto. Wareno walilirejesha mwaka 1916, na baada ya vita mpaka ukawekwa Ruvuma. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilomita za mraba 650, ilitangazwa mwaka 2000 upande mmoja wa mpaka huo. Tofauti na hifadhi za taifa za bara, hii ina vijiji ndani yake. Mvuvi hapaswi kuonekana kama mvamizi wa maumbile, ingawa uvuvi wa baruti uliwahi kuyaharibu vibaya matumbawe na kuwatia hasara wavuvi wa nyavu kabla ya mtu mwingine yeyote.

Katika ghuba hiyohiyo gesi asilia iligunduliwa mwaka 1982. Wakazi wa Mtwara walipoandamana mwaka 2013 kupinga gesi kusafirishwa kwenda Dar es Salaam, swali lao halikuwa mbali na lile la mwaka 1888: nani anufaike na kinachopita katika pwani yao? Bomba lilikamilika mwaka 2015. Huanzia Madimba, kwenye njia ileile ya wageni waendao Msimbati kutazama kasa.