Kutoka Sentensi hadi Jina: Asili ya Amri ya grep na Suala la Kutafsiri Amri za Kompyuta

Majina ya amri za mfumo endeshi wa Unix, ulioanza kuundwa mwaka 1969 katika maabara za Bell Labs nchini Marekani, mara nyingi huchukuliwa kuwa mzaha wa wahandisi. Kwa baadhi ya majina dai hilo lina ukweli. Kwa grep halina.

Watumiaji wa awali walifanya kazi kwa mashine kama Teletype Model 33, iliyochapa herufi 10 tu kwa sekunde juu ya karatasi. Ndiyo maana amri za kunakili, kuhamisha na kufuta faili ziliitwa cp, mv na rm, irabu zikiwa zimetupwa. Katika kihariri cha ed, hata hivyo, ufupisho ulikuwa na sarufi yake. Aliyeandika g/re/p alikuwa ametoa sentensi kamili: g iliagiza mistari yote ipitiwe, re ilishika nafasi ya ruwaza inayotafutwa, na p iliagiza kila mstari uliopatikana uchapishwe.

Kwa masimulizi ya Brian Kernighan, sentensi hiyo ilitolewa nje ya ed kwa sababu ya utafiti wa lugha. Lee McMahon alitaka kuchunguza Federalist Papers, makala 85 ya miaka ya 1787 na 1788, ambayo waandishi wa baadhi yake walibishaniwa. Kumbukumbu ya mashine haikutosha ed kubeba maandishi yote. Ken Thompson akakitenga kipengele cha utafutaji kiwe programu ya kujitegemea. Kufikia 1973 ilikuwa sehemu ya Unix.

Kiswahili kina mfano wa karibu katika UKIMWI, kirai kilichobanwa kikawa nomino. Lakini mzungumzaji wa Kiswahili aweza kuirudisha nomino hiyo kwenye upungufu wa kinga mwilini. Grep haifumbuliwi hata na Mwingereza, asipoijua ed.

Pendekezo la kuiita grep "tafuta" linavutia, ila programu nyingine nyingi huiita kwa jina lake, na likibadilishwa hukwama. Programu za GNU zenyewe hutafsiriwa ujumbe unaomfikia mtumiaji, jina likaachwa lilivyo. Fedha za ujanibishaji, basi, zielekezwe kwenye ujumbe huo na kwenye miongozo ya matumizi, ambamo mwanafunzi wa Kampala au Bujumbura ataelezwa kwa Kiswahili kwamba g, re na p zilikuwa viambajengo vya sentensi moja.