Mwana au Mpwa? Kisa cha Fumo Liyongo Kikisomwa kutoka Masasi na Newala



Vijana wetu husoma kwa hamu riwaya za kifantasia zilizojaa giza: mashindano ya kufa na kupona, hila za watawala, uchawi, na mapenzi yanayogeuka kuwa mtego. Wengi hudhani kwamba utanzu huo umetufikia kutoka ng'ambo, pamoja na vitabu kama The Hunger Games cha Suzanne Collins kilichotoka mwaka 2008. Mhadhara huu unashikilia kwamba mambo hayo yote yamo katika kisa cha Fumo Liyongo. Aidha, giza la kisa hicho halitokani na uchawi wake, bali na neno moja la udugu. Na neno hilo hufahamika vyema zaidi tukilitazama kutoka kusini mwa Tanzania, Masasi na Newala.

Tukikumbuke kisa chenyewe. Liyongo ni shujaa na malenga wa pwani ya kaskazini, mwenye nguvu zisizo za kawaida. Sultani wa Pate anamwogopa kwa kuwa anaweza kudai utawala. Kwanza Wagala wanamwoza binti yao ili wapate mbegu ya shujaa. Ndoa inakuwa jambo la siasa tangu mwanzo. Kisha unaandaliwa mchezo wa kikoa. Kikoa, kama tujuavyo, ni kula kwa zamu, na ni alama ya usuhuba. Hapa kila mmoja anapanda mkoma kwa zamu yake kuangua makoma, na imepangwa kwamba Liyongo akiwa juu apigwe mishale. Yeye anayaangua matunda kwa mshale akiwa chini, na hila inavunjika. Katika riwaya za leo mashindano ya kuuana hutangazwa hadharani. Katika kisa chetu yamefichwa ndani ya karamu ya marafiki.

Silaha haimdhuru Liyongo, ila sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Siri hiyo anaitoa kwa mtu wa damu yake, naye anamchoma. Shujaa anakufa akiwa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai.

Ni nani aliyemchoma? Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, ni mwana, aliyeahidiwa uwaziri na binti wa sultani. Lakini yako masimulizi yanayomtaja mpwa. Wahakiki wengi wamelipita suala hili kama tofauti ndogo ya wasimulizi. Mimi naliona ndilo mlango wa kisa.

Hapa ndipo Masasi inapoingia. Miongoni mwa waliokichapisha mapema kisa cha Liyongo kwa Kiswahili ni Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, katika mkusanyiko wake wa hadithi za Waswahili wa mwaka 1870. Mwaka 1876 Steere huyohuyo, akiwa sasa askofu, aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Unguja hadi Masasi, wakajenga kijiji chini ya vilima vya mawe. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa huko Wamagwangwara, walikishambulia kijiji hicho. Watu wakauawa na wengine wakatekwa. Baada ya hapo kazi ya misheni ilihamia kwa muda Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Wamakonde. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilifika Masasi na misheni ikachomwa moto. Mwaka uliofuata Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani, alipita Masasi na Newala akirekodi nyimbo za wenyeji kwa fonografu.

Wayao, Wamakua na Wamakonde wa maeneo hayo kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mrithi wa mtu si mwanawe, bali mtoto wa dada yake. Neno mpwa, ambalo katika Kiyao ni mwipwa, halitaji jamaa tu. Linataja mwenye haki ya kesho. Mjomba naye ndiye mlezi, mwamuzi na ngao.

Sasa tukisome kisa upya kwa masikio ya msikilizaji wa Newala. Akiambiwa kwamba muuaji ni mwana, ataona kijana aliyenunuliwa: hana cha kurithi kwa baba, hivyo ahadi ya cheo na mke ina uzito kwake. Akiambiwa ni mpwa, ataona jambo zito zaidi: mrithi anamuua yule ambaye angemrithi, anauza kwa ahadi ya mtawala kile ambacho tayari ni chake. Neno moja linabadilisha usaliti wa tamaa kuwa usaliti wa haki.

Wala tusiwasahau waliofika na Steere mwaka 1876. Mtumwa si mtu aliyenyimwa uhuru wa mwili pekee. Ni mtu aliyetengwa na mjomba wake na wapwa zake. Walikuwa na Kiswahili cha Unguja, chenye maneno yote mawili, lakini wengi wao hawakuwa na mtu wa kumwita kwa maneno hayo. Kwao, kisa cha mtu anayeangamizwa na jamaa yake kisingekuwa fantasia ya kujiburudisha.

Ndiyo maana nawasihi walimu wa fasihi: tunapofundisha Liyongo, tusiishie kwenye sindano na misuli. Tuwaulize wanafunzi wa Masasi, Newala, Lamu na kwingineko, kila mmoja kwa desturi ya kwao: nani ana haki ya kujua siri ya mauti yako? Riwaya ya giza tuliidhani ngeni kwa sababu tulizoea kulitafuta giza kwa majini na mazimwi. Wazee wetu waliliweka karibu zaidi, kwenye jina tunalomwita aliyeketi nasi mezani.