Kupima Kasi ya Mota Isiyofikika: Hoja kutoka Visima vya Makonde

Ardhi ya uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, ni ya kichanga na humeza mvua. Maji huzama chini sana na kuibukia mabondeni, na kwa vizazi vingi watu wa Newala waliyafuata huko na kuyapandisha kichwani. Tangu miaka ya 1950 jibu limekuwa kuyasukuma maji kwa mitambo hadi juu. Mradi ulioanzishwa enzi za ukoloni ulisaidiwa na Finland katika miaka ya 1970 na 1980, na mwaka 2022 Makonde iliingia katika mikataba ya mradi wa maji wa miji 28 kwa mkopo wa Benki ya Exim ya India. Visima vya Mitema, katika bonde la Kitangari, ndivyo tegemeo la Newala na jirani zake. Masasi, iliyo chini ya uwanda upande wa magharibi, hupata maji kutoka chanzo cha Mbwinji, kinachohudumia pia Nachingwea. Kote huko mkazi hapati ndoo ya maji ya bomba mpaka mota izunguke.

Nadai hapa kwamba kasi ya mota hizo inastahili kupimwa kila saa, kwamba inapimika bila kihisi chochote kwenye shafti, na kwamba njia inayotufaa si ile inayotawala majarida ya uhandisi.

Kwanza, kwa nini kasi? Mota ya induksheni yenye ncha mbili za sumaku, kwenye umeme wa hezi 50, ina uga unaozunguka mara 3,000 kwa dakika. Rota, sehemu ya mota inayozunguka, hubaki nyuma kidogo, na pengo hilo ndilo mteleko. Mteleko ukiwa asilimia 3, rota huzunguka mara 2,910. Umeme ukishuka hadi hezi 49.5 na volti zikapungua kiasi cha kufikisha mteleko asilimia 4, kasi inakuwa kama 2,850. Ni upungufu wa asilimia 2 tu, na katika feni hakuna atakayeutambua. Lakini kimo ambacho pampu inaweza kufikisha maji hubadilika kwa mraba wa kasi. Tuchukue mfano wa hesabu: pampu yenye uwezo wa mwisho wa mita 400, inayopandisha maji mita 340. Kwa kasi ya kwanza inabakiwa na mita 60 za kusukumia maji ndani ya bomba. Kwa kasi ya pili uwezo unashuka hadi mita 384 hivi, na zinabaki 44. Kwa kuwa mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha salio hilo, maji yanapungua kwa takribani asilimia 15. Mahali penye mwinuko mkubwa kama Newala, kosa dogo la kasi ni kiu ya mtaa mzima.

Atasema mhandisi wa mamlaka ya maji: tunayo mita ya mtiririko na geji ya presha, yatosha. Hayatoshi. Mita ya mtiririko husema maji yamepungua, haisemi sababu. Bomba limepasuka? Mapanga ya pampu yamelika? Kina cha maji kisimani kimeshuka? Au ni umeme? Kasi ndiyo inayoyatenganisha haya. Maji yakipungua ilhali kasi iko palepale, tafuta ubovu kwenye pampu, kisima au bomba. Kasi ikianguka, chunguza umeme, kisha fito za rota, yaani vipande vya metali vinavyopitisha mkondo ndani yake, na mzigo unaoikwamisha. Na kasi ikipanda ghafla karibu na 3,000, mota imepoteza mzigo, pengine kisima kimekauka. Izimwe mara moja, maana beringi za pampu nyingi za visima virefu hulainishwa na maji yenyewe.

Kwenye mashine ya kusaga mahindi pale Masasi hakuna taabu: fundi huelekeza takometa kwenye shafti na kusoma namba. Mota ya kisima kirefu imezama ndani ya bomba jembamba, chini ya safu ya maji. Enkoda, yaani kihisi cha kasi cha kwenye shafti, huko chini ni waya wa ziada, kiungo cha ziada cha kuvuja, na sababu ya ziada ya kuitoa pampu yote juu.

Fasihi ya kupima kasi bila kihisi ni pana. Mwaka 1992 Colin Schauder alichapisha njia ya kulinganisha miundo miwili ya hesabu ya mota ileile: mmoja hutegemea volti, mwingine hubeba kasi ndani yake, na kasi hurekebishwa hadi miundo hiyo ikubaliane. Wengine wametumia kichujio cha Kalman. Joachim Holtz wa Wuppertal na wenzake wametumia miaka mingi kwenye tatizo gumu la kasi ndogo sana, ambako volti ni hafifu na makosa ya ukinzani wa stata, sehemu ya mota isiyozunguka, huficha kila kitu. Ni kazi ya kuheshimiwa. Ila pampu ya Mitema haifanyi kazi karibu na sifuri. Inazunguka karibu na kasi yake kamili saa zote inapokuwa imewashwa, yaani pale ambapo ugumu huo haupo.

Ugumu wetu ni mwingine. Miundo hiyo huhitaji kujua ukinzani na induktansi za mota. Ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya joto, kwa hiyo mota iliyopata moto kwa digrii 80 imeshabadilika kwa zaidi ya asilimia 30. Mota iliyosukwa upya mtaani, kwa waya uliopatikana dukani siku hiyo, haina tena uhusiano wa kuaminika na vipimo vya kiwandani. Hata kibao cha mota mpya si cha kukitegemea kwa kazi hii: kiwango cha kimataifa cha IEC 60034-1 huruhusu mteleko wa mota ya kilowati 1 au zaidi utofautiane kwa asilimia 20 na ulioandikwa. Zaidi ya hayo, volti tunazopima juu ya kisima sizo zinazofika kwenye mota. Nyingine zimepotea katika kebo ndefu.

Mkondo wa umeme, kwa upande wake, kimsingi ni uleule juu na chini. Ndani yake kuna alama ya fito za rota. Kila ufito unapopita mbele ya stata hutikisa uga wa sumaku, na mtikisiko huo huonekana kwenye mkondo kama mawimbi madogo. Rota yenye fito 22 inayozunguka mara 2,910 kwa dakika hupitisha fito 1,067 kwa sekunde; alama yake hutafutwa kwenye hezi 1,017 na 1,117, yaani hezi 50 chini na juu ya namba hiyo. Kasi ikipungua kwa mzunguko mmoja kwa dakika, alama husogea kwa hezi 0.37, kwa hiyo sekunde tatu za kurekodi zatosha kuuona mzunguko huo mmoja. Hakuna ukinzani, joto wala urefu wa kebo katika hesabu hii. Inahitaji klampu ya mkondo, kidhibiti kidogo cha kielektroniki na programu ya kuchambua mawimbi.

Njia hii ina mipaka. Si kila uwiano wa fito na ncha hutoa alama inayoonekana, rota yenye mifereji iliyofunikwa hutoa alama hafifu, na inveta huongeza mawimbi yake yanayoweza kuificha. Kwa mota iliyounganishwa moja kwa moja na umeme, hata hivyo, ndiyo ninayoiona bora kwa mazingira yetu, kwa sababu inadai kujua jambo moja tu: idadi ya fito.

Na idadi hiyo ndiyo isiyoandikwa popote. Fundi anapofungua mota kuisuka, huandika daftarini idadi ya mifereji ya stata, mizunguko ya koili na unene wa waya. Rota huipangusa na kuiweka kando. Vyuo vya ufundi vya VETA vimfundishe kuhesabu fito za rota hiyo na kuziandika mstari huohuo. Na mamlaka za maji za Makonde na za Masasi na Nachingwea, zinapoandaa zabuni ya pampu, zimtake muuzaji ataje idadi ya fito za rota kwenye hati ya makabidhiano, kabla mota haijashushwa kisimani.