Saa mbili mezani kwa fundi: Mjapani na Mswisi

Nilikuwa nimeahidi kuendelea na somo la hifadhidata, lakini wiki hii nivumilie niandike juu ya saa. Nazungumzia saa ya mkono, isiyo na betri.

Baba alipofariki aliniachia Seiko 5. Aliivaa hapa Rhonda miaka yote ninayomkumbuka. Majina ya siku yalisomeka kwa Kiarabu, kwa sababu binamu yake ndiye aliyeileta kutoka Ghuba. Baba hakujua Kiarabu, alikariri maumbo tu. Mwezi uliopita ikasimama. Nikapanda matatu hadi mjini Nakuru kwa fundi mmoja mzee. Akaifungua, akaiweka kando ya saa nyingine aliyokuwa akiitengeneza, ya Uswisi, yenye mashine iitwayo ETA 2824-2.

"Kijana, hii naweza kuisafisha, au nitoe mashine yote nikuwekee mpya. Bei haipishani sana. Chagua."

Nikamwomba siku mbili, nikaenda kusoma historia.

Saa za namna hii hujitia ufunguo zenyewe. Ndani mna kipande kizito cha nusu duara, rota. Ukitembea, rota huzunguka na kukaza springi. Waswisi walianza mchezo huu katika karne ya 18 kwa saa za mfukoni. Kwa saa ya mkono, Mwingereza John Harwood ndiye aliyepata hataza huko Uswisi mwaka 1924. Mwaka 1948 kampuni ya Eterna ikaikalisha rota juu ya gololi tano ndogo ili izunguke kwa wepesi.

Tatizo ni hili: rota huzunguka kulia na kushoto, lakini springi hukazwa upande mmoja tu. ETA 2824-2 hutumia magurudumu mawili ya kugeuza mwendo, yenye vijino vidogo sana ndani, na mafuta yakichafuka huanza kukwama. Seiko mwaka 1959 walileta kipande kimoja chenye vidole viwili, wakakiita Magic Lever. Kidole kimoja huvuta na kingine husukuma, kwa zamu. Rota izunguke itakavyo, gurudumu linakwenda upande uleule. Ni kama mtu aliyefuta masharti yote kwenye programu akabakiza mstari mmoja. Mimi nilicheka peke yangu nilipoielewa.

Mwaka 1963 ikaja Seiko 5 ya kwanza. Mashine iliyo ndani ya saa yangu, 7S26, ilianza 1996. Ina vito 21 na mapigo 21,600 kwa saa; ETA ina vito 25 na mapigo 28,800. ETA unaweza kuitia ufunguo kwa mkono, na mshale wa sekunde husimama unapoirekebisha. 7S26 haina hayo, ikilala unaitikisa tu. Kiwanda chenyewe kinakubali ipoteze sekunde 20 au iongeze 40 kwa siku, wakati saa ya Uswisi yenye cheti cha kronomita hairuhusiwi kuvuka wastani wa kupoteza 4 au kuongeza 6.

Basi Mswisi ameshinda? Subiri kidogo. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko haohao walitoa Astron, saa ya mkono ya kwaza ya betri na kwatzi kuuzwa madukani. Wafanyakazi wa viwanda vya saa Uswisi walikuwa kama 90,000 mwaka 1970. Katikati ya miaka ya 1980 walibaki zaidi kidogo ya 30,000. Kampuni nyingi zilizonusurika zikawa zinanunua mashine kwa ETA. Halafu mwaka 2002 Swatch Group, wenye ETA, wakatangaza kwamba wataacha kuwauzia wengine mashine ambazo hazijakamilishwa. Waandishi wa programu mnaijua hofu hiyo: kila mtu anategemea maktaba moja, na mwenyewe anafunga mlango. Kilichosaidia ni kwamba muundo wa 2824 ulikuwa wa zamani na hataza zake zimekwisha. Sellita, waliokuwa wakiunganisha mashine kwa niaba ya ETA, wakatengeneza SW200 inayofanana nayo kabisa.

Kwa maoni yangu, Mswisi alimfikiria fundi atakayeirekebisha saa kila baada ya miaka kadhaa. Mjapani alimfikiria mtu anayeishi mbali na fundi. Ndiyo maana leo NH36, pia ya Seiko, inaingia mahali pa 7S26 bila shida, na ina vyote ambavyo 7S26 haina. Kwa akili ya kompyuta jibu lilikuwa wazi: badilisha.

Lakini nilitazama namba nyuma ya saa. Seiko huandika mwaka kwa tarakimu moja tu (kosa la Y2K hata kwenye chuma!). Yangu inaanza na 8, kisha 4: Aprili 1998, au 2008? Nikakumbuka picha nyumbani, Baba amenibeba nikiwa mtoto mchanga, na saa ipo mkononi. Ni 1998.

Nilirudi nikamwambia mzee asafishe. Vidole viwili havikuwa vimelika hata kidogo.

Sasa inaongeza kama sekunde 25 kwa siku. Nilipokuwa nairekebisha niligundua kwamba ukizungusha, siku hupita kwa Kiingereza kwanza. Nikaendelea kuzungusha hadi Kiarabu.